Shajara ya mradi: protini za maziwa na za yai zinapokutana na bakteria

Jumatatu, tunaanza

Haya jamani, nimeamua kuuandika huu mradi hatua kwa hatua manake kila anayeniuliza nafanya nini namjibu kwa sentensi moja afu naona kabisa haijamtosha. Swali langu ni hili: protini ya yai au ya maziwa ikigusa seli ya bakteria, nini hasa kinatokea pale kwenye mguso? Inashika wapi, inakata nini, inamnyima nini, na je kuna wakati haimdhuru kabisa bali inamlisha? Kusema tu "maziwa yana kinga" au "ute wa yai unaua vijidudu" hakunisaidii, nataka nione kazi inavyofanyika.

Bakteria tulionao wote ni wa aina zisizo na madhara. Kuna Micrococcus luteus ambaye ni mwepesi sana kupasuka, kuna Bacillus megaterium ambaye ni mkubwa na anaonekana vizuri kwenye hadubini, kuna E. coli K-12 yule wa maabara, na kuna Lactococcus lactis anayegandisha maziwa. Upande wa protini tuna lisozaimu ya yai iliyosafishwa (kimeng'enya kinachokata ukuta wa bakteria), ute mbichi wenyewe, maziwa ya ng'ombe yaliyotolewa mafuta, na laktoferini ya ng'ombe, protini ya maziwa inayoshika chuma. Basi, tunaanza na rahisi.

Jumatano

Lisozaimu na Micrococcus. Hii ndo mechi ya zamani kuliko zote, Alexander Fleming aliitoa kwenye maandishi mwaka 1922, miaka kadhaa kabla ya penisilini, na yeye mwenyewe alishaona kwamba ute wa yai umejaa hiyo kitu. Unatengeneza mchanganyiko wa bakteria kwenye bafa ya fosfeti (maji yanayotunza pH isiyumbe) yenye pH ya 6.2 hivi, unakuwa mweupe kama ukungu, unauweka kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unavyozuiwa na ukungu, kwa nanomita 450, unatia tone la lisozaimu, unakaa unaangalia namba inashuka. Na macho tu yanatosha aisee, ule ukungu unapungua hapo hapo mbele yako mpaka unaweza kusoma lebo iliyo nyuma ya chupa.

Kinachotokea ni kwamba ukuta wa seli wa bakteria umefumwa kwa peptidoglaikani, yaani nyuzi ndefu za sukari za aina mbili zinazopokezana, zimeunganishwa kwa vipande vifupi vya peptaidi, ni kama wavu uliomzunguka bakteria mzima. Lisozaimu inakata uzi wa sukari katikati ya zile sukari mbili. Ina asidi-amino 129 tu, ni protini ndogo, na ilikuwa kimeng'enya cha kwanza umbo lake kujulikana kwa miale ya eksirei, kundi la David Phillips kule London mwaka 1965. Kwenye umbo lake kuna mfereji, uzi wa sukari unalala humo, na asidi-amino mbili, namba 35 na namba 52, ndizo zinazofanya kazi ya kukata.

Lakini mi kilichonivutia zaidi leo si ule mkato, ni namna inavyofika pale. Lisozaimu ina chaji chanya nyingi sana, pH yake ya usawa, yaani pale chaji chanya na hasi zinapolingana, iko karibu na 11, kwa hiyo kwenye pH za kawaida inabaki chanya tu, na uso wa bakteria ni hasi. Zinavutana. Tukarudia kipimo kilekile tukiongeza chumvi ya kawaida kidogo kidogo, na ikizidi kiwango fulani mshuko wa namba unakuwa wa kivivu, chumvi ikiwa nyingi sana namba inakaribia kusimama. Kimeng'enya ni kilekile, bakteria ni walewale, kilichobadilika ni kwamba ioni za chumvi zimeziba ule mvutano na protini haikai tena kwenye ukuta muda wa kutosha. Hili nimeliandika kwa kalamu nyekundu kwenye daftari, nina hisia litaturudia.

Alhamisi

Leo hadubini siku nzima. Bacillus megaterium ni fimbo, fimbo nene nzuri kabisa, na swali ni hili, lisozaimu ikishakata ukuta nani anaipasua seli? Jibu ni maji. Ndani ya bakteria kuna msukumo mkubwa wa maji yanayotaka kuingia, ukuta ndo unaozuia seli isivimbe mpaka ikapasuka, ukuondoa ukuta basi. Sasa mwaka 1953 Claes Weibull alionyesha kwamba ukiwaweka hawa kwenye maji yenye sukari nyingi kisha ukaondoa ukuta kwa lisozaimu, hawapasuki, wanabaki na utando peke yake.

Tumeona! Fimbo inaanza kulegea kwenye ncha moja, halafu kinatokea kijiuvimbe, kinatoka taratibu kana kwamba kuna kitu kinajimimina kutoka ndani ya fimbo, na mwisho unabaki mpira, duara kabisa, fimbo haipo tena. Fimbo moja ndefu ilitoa mipira kadhaa iliyoshikana. Afu mwenzangu akatia tone la maji matupu pembeni ya kioo cha juu, maji yakaingia chini yake, na mipira ikaanza kupotea mmoja mmoja kufuatana na maji yanavyosogea, na pale ilipokuwa panabaki kivuli hafifu tu. Nilishasoma hii kitu mara nyingi sana lakini kuiona ni jambo jingine, nilimwita kila mtu aliyepita mlangoni aje achungulie.

Kwa hiyo hapa protini haiui kwa maana ya kuua. Inafungua, na mazingira ndo yanaamua kama seli itakufa.

Jumanne

E. coli. Hapa lisozaimu peke yake haifanyi chochote cha maana, tumeiweka nyingi, namba imekaa palepale. Sababu inajulikana, hawa wa Gram hasi (kundi kubwa la bakteria linalotambulika kwa kipimo cha rangi cha Gram) wana utando wa pili nje ya ukuta, na upande wa nje wa huo utando umejaa lipopolisakaraidi, molekuli zenye chaji hasi ambazo zingesukumana zenyewe zikatawanyika kama kusingekuwa na kalisi na magnesi katikati yake kuzishikanisha. Lisozaimu inavutwa na hizo chaji hasi vizuri tu, inaganda pale nje, lakini haipiti. Na hata ikipata upenyo, E. coli ana protini yake anayoiweka kati ya tando mbili inayoitwa Ivy, kazi yake ni kuziba ule mfereji wa lisozaimu. Yaani amejiandaa.

Tukaweka EDTA, ambayo kazi yake ni kunyakua kalisi na magnesi, kwenye bafa ya Trisi isiyo na chumvi nyingi. Hapo ukuta ukafikiwa na ukungu ukaanza kupungua. Mbinu ya kawaida kabisa hii, kila anayetoa DNA kwenye bakteria anaijua, ila mi nilitaka tuione kwa jicho la protini: mlango wa E. coli umefungwa kwa kalisi na magnesi. Kumbukeni hilo tukifika kwenye maziwa.

Halafu kuna jambo limenikaa kichwani. Kuna kazi iliyofanywa kwa lisozaimu iliyobadilishwa ile asidi-amino namba 52 ili isiweze kukata, na bado iliendelea kuua baadhi ya bakteria. Kwa hiyo chaji chanya na umbo lake vina madhara yake kwenye utando hata mkasi ukiwa umeondolewa. Hatuna hiyo protini hapa, lakini tunaposema "lisozaimu imeua" tusikimbilie kudhani imeua kwa kukata.

Ijumaa

Leo ute mzima. Hapa ndo utamu ulipo manake lisozaimu ni kama asilimia 3 na nusu tu ya protini za ute, nyingi zaidi ni ovalbumini inayozidi nusu, halafu ovotransferini kama asilimia 12, ovomukoidi asilimia 11 hivi, na nyinginezo ndogo ndogo. Na pH ya ute inapanda yai likikaa, linapotagwa iko 7.6 hivi afu dayoksaidi ya kaboni inatoka kupitia kwenye ganda na pH inafika 9 na kupita. Bakteria akiingia humo anakuta mnato, anakuta alkali, na anakuta hakuna chuma.

Chuma ndo habari. Mwaka 1944 Schade na Caroline walichukua ute mbichi, wakaona unazuia bakteria kukua, wakajaribu kurudisha virutubisho kimoja kimoja kuona kipi kitaondoa kizuizi, na kilichoondoa ni chuma. Ovotransferini inashika ioni mbili za chuma kwa kila molekuli moja, kila ioni ikikaa pamoja na kaboneti, na inashika kwa nguvu kiasi kwamba bakteria hana cha kuokota.

Tumeifanya kwa namna rahisi. Ute umepunguzwa makali kwa bafa yenye baikaboneti, umechujwa, E. coli amewekwa, chupa zimegawanywa mbili, moja imeongezewa chuma cha kutosha kujaza ovotransferini yote na kubakiza. Na pale unapotia chuma rangi inabadilika mbele yako, ute uliokuwa hauna rangi ya maana unakuwa wa waridi, waridi ya samaki samoni hivi, na huo uwaridi ni ovotransferini yenyewe ikiwa imeshika chuma. Unatikisa, unatandaa chupa nzima. Kesho yake chupa ya waridi ilikuwa nzito kwa bakteria na ile nyingine walikuwepo kidogo sana.

Angalieni tofauti na Alhamisi. Hapa protini haijagusa seli kabisa! Inaweza kuwa mbali nayo na bado inaizuia, kwa kuhodhi kitu ambacho seli inakihitaji. Hata avidini ni hivyo hivyo, ni chini ya asilimia 0.1 ya protini za ute lakini inaishika vitamini ya bayotini kwa nguvu ambazo ni miongoni mwa kubwa kabisa zinazojulikana kwenye baolojia kwa kitu kisichofungwa kwa bondi ya kudumu. Na bakteria naye hakai tu, E. coli anatoa enterobaktini, molekuli ndogo inayotoka nje kwenda kunyang'anya chuma na kurudi nacho. Ni ugomvi wa kweli huo, na unaamuliwa na nani ana mshiko mkali zaidi kwenye pH ile.

Jumatatu

Maziwa. Siku ngumu.

Ishu ya kwanza ni kwamba maziwa ni meupe. Vipimo vyetu vyote mpaka sasa tulikuwa tunapima ukungu wa bakteria, sasa kwenye maziwa ukungu ni wa kaseini na bakteria humo hawaonekani hata kidogo. Kaseini ni kama asilimia 80 ya protini za maziwa ya ng'ombe na haikai moja moja, inajikusanya kwenye vifurushi vyenye upana wa nanomita 150 hivi kwa wastani, vimeshikanishwa kwa fosfeti ya kalisi, na nje vimefunikwa na kapa-kaseini yenye nywele nywele zenye chaji hasi. Vifurushi hivyo ndo vinatawanya mwanga na kuyapa maziwa weupe wake.

Mwenzangu akapendekeza tutie EDTA, inyonye kalisi, vifurushi vifunguke na maziwa yawe maangavu. Ni kweli yanakuwa maangavu, yanabaki na rangi ya kijani-njano iliyofifia, inapendeza hata. Ila EDTA ndo ileile inayofungua mlango wa E. coli! Tungekuwa tunapima kitu tulichokitengeneza wenyewe. Msimamizi wetu alipotuuliza tunapanga nini tukamwambia tunarudi kwenye njia ya polepole, kupunguza makali mara kumi kumi, kumwaga kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria), kuhesabu koloni, yaani vidoa vya bakteria waliozaliana, kesho yake. Akasema hiyo ndo kazi, endeleeni.

Matokeo sasa. Lisozaimu kwa kiwango kilekile kilichowamaliza Micrococcus kwenye bafa, ndani ya maziwa inawapunguza polepole sana, koloni nyingi zinabaki. Bafa na maziwa havipishani sana kwa pH, maziwa ni 6.7 hivi. Sasa imeenda wapi?

Jumatano

Nimeshinda na hili swali na nadhani tunalo jibu. Lisozaimu ni chanya, bakteria ni hasi, lakini kaseini nayo ni hasi na ipo nyingi kuliko bakteria kwa mbali mno. Kwa hiyo lisozaimu inapotiwa kwenye maziwa inakwenda kwenye kaseini.

Tulichofanya: maziwa yenye lisozaimu tumeyagandisha kwa renneti, kile kimeng'enya cha kutengenezea jibini, hakibadilishi pH, kinanyoa zile nywele za kapa-kaseini tu na vifurushi vinashikana. Bonge likakaa upande wake, yale maji ya kijani-njano yakatoka, tukayapima kwa Micrococcus kama Jumatano ile ya kwanza. Karibu hakuna kitu. Kisha tukalikatakata bonge, tukalisuuza kwa maji yenye chumvi nyingi, chumvi tukaipunguza makali kabla ya kupima (manake tushajua chumvi inazuia), na lisozaimu ikaonekana. Ilikuwa humo humo, imeng'ang'ania kaseini, ikiwa nzima na uwezo wake wote.

Hapa ndo nilifurahi kupita kiasi manake linaeleza kitu ambacho watengeneza jibini wamekitumia miaka mingi. Jibini ngumu zinazokaa muda mrefu kuiva huwa zinaharibiwa na Clostridium tyrobutyricum, mbegu zake zinapita kwenye joto la kuchemshia maziwa bila kudhurika, baadaye zinachipua ndani ya jibini, zinatoa gesi, jibini inavimba na kupasuka ndani. Lisozaimu ya yai inatiwa kwenye maziwa kuzuia hilo, kwenye orodha ya viongezwa inaandikwa E1105, na ni lazima itajwe manake wenye mzio wa mayai wanahitaji kujua. Sasa mtu angejiuliza, kama kaseini inaimeza itafanyaje kazi? Kumbe kule kung'ang'ania ndo kunaifanya ibaki kwenye bonge badala ya kumwagwa na maji, na hao bakteria nao wako kwenye bonge hilo hilo, na wanachukua wiki na miezi kuchipua. Lisozaimu haina haraka. Kitu kilekile kilichotuharibia kipimo chetu cha dakika chache kinaifaa kazi ya miezi.

Alhamisi

Fupi leo. Tulitaka kuipaka lisozaimu rangi inayong'aa ili tuione kwenye hadubini inavyohama kutoka kwa bakteria kwenda kwenye kaseini. Tumesitisha. Rangi tuliyonayo inajibandika kwenye amini za laisini, na hizo ndo sehemu ya chaji chanya zenyewe, ukibandika nyingi unapunguza uchanya na mvutano unabadilika. Tutafanya kwa rangi kidogo sana, na kila sampuli iwe na jozi yake isiyopakwa rangi, tuone kama zinafanana kwanza kwenye Micrococcus. Picha nzuri itasubiri.

Jumanne

Leo upande wa kulishwa. Lactococcus lactis ameishi na maziwa kwa muda mrefu sana mpaka amepoteza uwezo wa kujitengenezea baadhi ya asidi-amino, lazima azipate nje, na kwenye maziwa asidi-amino zilizo huru ni chache mno. Kwa hiyo nje ya ukuta wake amepachika kimeng'enya kikubwa, PrtP, ambacho kinakata kaseini vipande vipande hukohuko nje, halafu kuna mfumo wa kusafirisha unaovuta vipande ndani, na ndani kuna vimeng'enya vingine vinamalizia. Protini inakuja kwenye uso wa seli, na safari hii seli ndo yenye mkasi.

Jeni la PrtP mara nyingi liko kwenye plasmidi, kijiduara cha DNA kilicho pembeni ya DNA kuu, na plasmidi inaweza kupotea, kwa hiyo kuna aina dada zilizoipoteza. Tumeziweka zote mbili kwenye maziwa, na kwa kuwa ukungu hatuwezi kupima tumefuata pH. Yenye PrtP imeshusha pH usiku kucha na maziwa yakaganda vizuri, bonge moja zuri lisilotikisika ukiinamisha chupa. Isiyonayo ilishuka kidogo mwanzoni ikakwama, maziwa yakabaki ya majimaji. Tukaichukua hiyo iliyokwama tukaipa triptoni, yaani kaseini iliyokwishakatwa tayari, ikaamka na kugandisha kama mwenzake. Sukari ilikuwepo muda wote, laktosi tele, kilichokosekana kilikuwa ni mkasi tu.

Mi hii imenigusa zaidi ya nilivyotegemea. Kaseini ileile ambayo wiki iliyopita ilikuwa inawakinga Micrococcus dhidi ya lisozaimu bila kukusudia chochote, leo ndo chakula. Yaani ukiuliza "protini za maziwa zinawafanya nini bakteria" bila kusema bakteria yupi, swali halijakamilika.

Ijumaa

Laktoferini. Ni binamu wa ovotransferini kabisa, familia moja, nayo inashika ioni mbili za chuma na kuwa nyekundu-nyekundu, ina uzito wa kilodaltoni 80 hivi. Kwenye maziwa ya ng'ombe ni kidogo, ila maziwa ya mama yana gramu moja mpaka mbili kwa lita na yale ya kwanza ya njano yanazidi hapo. Lisozaimu pia, maziwa ya mama yana kama gramu 0.4 kwa lita na ya ng'ombe yana mara elfu kadhaa pungufu. Tofauti kubwa hiyo, na ndo sababu nachoka mtu akisema "maziwa" kana kwamba ni kitu kimoja.

Laktoferini ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuhodhi chuma, tumeshaiona kwa binamu yake. Ya pili ni kwamba nayo ni chanya, na upande mmoja wa molekuli uchanya umejikusanya, huo upande unagusa lipopolisakaraidi ya Gram hasi na kuibandua kutoka kwenye utando wa nje. Ukiikata laktoferini ya ng'ombe kwa pepsini, kimeng'enya cha tumboni, kinatoka kipande cha asidi-amino 25 kinachoitwa laktoferisini ambacho ni kikali kuliko protini nzima. Kwa hiyo mmeng'enyo, ambao tumezoea kuuona kama mwisho wa protini, hapa unatoa silaha.

Tumekijaribu hicho kipande kwa E. coli kwenye mchuzi mwepesi wa peptoni na kikafanya kazi vizuri, koloni zimepungua sana. Kisha mchuzi uleule tukauongezea kalisi na magnesi, koloni zikarudi. Mwenzangu alikuwa ananiangalia tu. Mlango uleule, kufuli lileile la Jumanne ile.

Jumatatu

Joto, kwa haraka. Ovotransferini ni dhaifu, nyuzi 61 mpaka 65 inaanza kuharibika na kuganda. Lisozaimu inategemea pH, kwenye asidi unaweza kuichemsha dakika kadhaa ikabaki na sehemu kubwa ya uwezo wake, kwenye alkali ya ute inaharibika upesi. Laktoperoksidezi ya maziwa inavuka upasteurishaji wa nyuzi 72 kwa sekunde 15, ila ikikaribia 80 inakufa.

Hiyo laktoperoksidezi nayo inastahili siku yake. Haigusi bakteria, inachukua thiosayaneti na haidrojeni peroksaidi kidogo inatengeneza haipothiosayaniti, na hiyo ndo inayoingia kwenye seli kushambulia salfa za vimeng'enya vyake. Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya vyakula, walitoa mwongozo wa kuitumia kuhifadhi maziwa mabichi pale pasipo na jokofu, mwaka 1991. Tutaiweka mwishoni manake inahitaji kudhibiti peroksaidi kwa makini sana.

Jumatano

Leo tumeunganisha. Wazo limetoka kwenye zile siku mbili za kalisi: kama EDTA inafungua mlango wa E. coli ili lisozaimu iingie, na laktoferini inabandua lipopolisakaraidi, basi laktoferini inaweza kushika nafasi ya EDTA? Hili lilishaonyeshwa na Ellison na Giehl mwaka 1991 kwa hiyo hatudai kugundua, tulitaka tulione kwa mikono yetu na kwa protini zetu, ya maziwa ikifungua na ya yai ikikata.

Sahani nne. E. coli peke yake, wamejaa. Laktoferini peke yake, wamepungua kidogo ila wapo wengi. Lisozaimu peke yake, huwezi kuitofautisha na ya kwanza. Zote mbili pamoja, sahani karibu tupu, koloni za kuhesabu kwa kidole, zimekaa mbalimbali. Tumeirudia na imetoka vilevile. Tukaongeza kalisi kwenye mchanganyiko wa zote mbili na sahani ikajaa tena.

Sasa maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 1.2 za kalisi kwa lita, sehemu kubwa imefungwa kwenye vifurushi vya kaseini lakini iliyo huru bado inatosha kuharibu mambo. Kwa hiyo hatua inayofuata ni yale maji yanayotoka kwenye bonge la renneti. Kaseini haimo, ukungu umeondoka kwa hiyo spektrofotomita inarudi kazini, na kalisi tunaweza kuitoa kwa kuyaning'iniza kwenye mfuko wa dayalisisi (unaopitisha vitu vidogo kama kalisi na kubakiza protini) ndani ya bafa bila kutia EDTA. Tutapanga chupa kuanzia kalisi yote mpaka karibu hakuna, laktoferini na lisozaimu zikiwa kiwango kimoja chupa zote, tuone mlango unafunguka kwenye kiwango gani. Mifuko ya dayalisisi imeshalowekwa, renneti ipo, E. coli nawapandikiza jioni hii.